Kiboksi kwenye kadi ya mchango

Kompyuta yangu ya kuchapia kadi pale Ngamiani, Tanga, ilikuwa na fonti, yaani mitindo ya herufi, zaidi ya mia nane, karibu zote za kupewa kwa flashi, na nilikuwa najisifia. Mteja akija namfungulia orodha achague mwenyewe. Mama mmoja akachagua ile ya mikia mirefu, nikamchapia kadi 150 za mchango wa harusi ya mwanawe. Alipokuja kuzichukua alitazama moja, akauliza kwa upole tu, "Mwanangu, hiki kiboksi ndiyo nini?"

Jina lao la ukoo lina ng', na fonti ile haikuwa na ritifaa, kile kialama cha juu kwenye ng', ikaweka kiboksi mahali pake. Kumbe ilikuwa ya majaribio: unapewa bure herufi chache, zilizobaki ununue. Kadi zote nilizirudia kwa karatasi zangu.

Hasira zikanifanya nisome leseni kwa mara ya kwanza. Fonti nyingi nilizoziita za bure zimeandikwa wazi kuwa ni bure kwa matumizi binafsi. Kadi ambayo mtu ananilipa si matumizi binafsi, hata nikijidanganya vipi. Nikahamia Google Fonts, maktaba ya fonti ya Google mtandaoni, iliyopo tangu 2010. Nyingi za mle zina leseni ya wazi ya SIL, shirika linaloshughulikia lugha: unachapia kazi ya biashara bila kulipa senti, ila huruhusiwi kuiuza fonti yenyewe peke yake. SIL hao hao wametengeneza fonti kwa ajili ya wanaojifunza kusoma, wakaipa jina la Kiswahili hiki hiki chetu: Andika. Si ya madoido, kwa harusi utachekwa. Lakini mitihani ya chekechea naichapa kwa hiyo, maana a yake ni ile ile mwalimu anayoandika ubaoni.

Bure peke yake haitoshi, ziko za bure mbovu. Kwanza naandika "Ng'ombe wa ng'ambo hang'oki", nione ritifaa ipo na haijaachwa mbali na herufi kama imesusa. Kisha naandika namba ya simu. Kadi ya mchango inabeba namba ya kupokelea pesa, sasa 1 ikifanana na l, au 6 na 8 zikachanganyikana, mchango wa watu utakwenda kwa nani? Halafu naangalia kama ina herufi nene zake yenyewe. Kama haina, ukibonyeza B programu inazinenepesha kwa nguvu, na kwa tona yangu, ule wino wa unga wa printa, matundu ya a na e yanaziba kabisa. Mwisho nachapa kwa ukubwa wa 9, nampa mzee jirani asiyetaka kusikia habari ya miwani.

Za Kiarabu zilinisumbua zaidi. Bismillahi ya kadi za nikahi ilikuwa inatoka herufi zimeachana na zimegeuka, mpaka nikapata Amiri, nayo ya bure, na programu inayojua kuandika kutoka kulia.

Leo nimebaki na fonti kama ishirini. Mwaka jana yule mama alirudi, zamu ya kijana wake mdogo. Nilimpa sampuli, akaruka maua na rangi, kidole kikaenda kwenye jina la ukoo. Akatulia. Kisha akaomba punguzo.