Tyubu inayoonekana tupu

Siku ya kwanza kusafisha eksosomu, vifuko vidogo mno vinavyotoka kwenye seli, nilijua nimeharibu sampuli. Yaani unazungusha plazma, yale majimaji ya damu, kwenye sentrifuji kwa nguvu inayofika mara 100,000 ya mvutano wa dunia, zaidi ya saa nzima mashine inanguruma, afu unatoa tyubu unaiinua kwenye mwanga, huoni kitu. Maji tu. Aliyekuwa ananielekeza akaniambia ndo maana tumechora alama kwa kalamu upande wa nje kabla ya kuiweka, ili tujue vimeng'ang'ania wapi, maana kwa macho hutaviona kabisa, we mwaga maji polepole na pale penye alama usipaguse.

Na kweli vilikuwepo. Eksosomu ni vifuko vya utando wa mafuta ambavyo karibu kila seli mwilini inavimwaga, upana wake nanomita 30 hadi 150 hivi, ukichukua cha nanomita 100 basi chembe nyekundu moja ya damu inakizidi upana zaidi ya mara 70. Mwaka 1983 vilipoonekana kwenye seli changa za damu, ikadhaniwa ni seli inatupa takataka zake, vikaachwa hivyo miaka mingi. Hili huwa linaniuma. Mwaka 2007 watafiti wa Sweden wakaonyesha kumbe vinabeba RNA, ile nakala ya maelekezo ya jeni, na seli inayovipokea inaisoma na kutengeneza protini kwa maelekezo yaleyale.

Sasa seli ya kansa nayo inamwaga vyake, tena kwa wingi. Mwaka 2008 RNA yenye kasoro ya EGFR, jeni inayohusika na ukuaji wa seli, ilikutwa ndani ya vifuko kwenye damu ya baadhi ya wagonjwa wa glioblastoma, saratani ya ubongo. Hebu fikiria, uvimbe umefungiwa ndani ya fuvu, kuchukua kinyama cha kupima mpaka utoboe mfupa, na habari zake zinapita kwenye mshipa wa mkono! Afu 2015 kundi la mtafiti David Lyden kule New York likaonyesha kwamba protini za juu ya kifuko, zinaitwa integrini, zinaamua kiende mapafuni au kwenye ini, kikaandae mahali kabla seli zenyewe za kansa hazijafika. Hiyo nilisoma mara mbili usiku uleule.

Kwa tezi dume tayari kuna kipimo cha mkojo kinachosoma RNA ya vifuko hivi, kinasaidia kuamua kama mtu anahitaji kukatwa kinyama au la. Kukata kinyama kwenyewe bado kupo, watu wasidanganywe.

Shida kubwa ni kujua kipi ni cha nani. Vingi kwenye damu vimetoka kwa seli zisizo na kansa, chembe sahani hasa, zile za kugandisha damu, na zaidi ya hapo kuna lipoproteini zinazobeba mafuta, baadhi zina ukubwa uleule na ni nyingi kuliko vifuko vyenyewe. Mashine ya kuhesabu inazihesabu zote sawa. Kwa hiyo mtu akija na namba kubwa tu, mi namuuliza kwanza amevitenganishaje, na damu ilikaa muda gani kabla ya kuzungushwa, kwa sababu chembe sahani zinaendelea kumwaga hata ndani ya tyubu.