Jinsi nilivyomaliza masta ya uongozi wa hospitali huku napiga zamu za unesi

Watu wananiuliza sana niliwezaje kusoma masta ya uongozi wa huduma za afya huku napiga zamu wodini kama kawaida, na wengine wanataka kujua kama ukimaliza unapata kweli nafasi ofisini au unarudi wodini na cheti chako. Naandika yote hapa, ndefu kidogo mnisamehe, lakini jibu fupi ni kwamba walionivusha ni watu waliopita kwenye ile programu kabla yangu, na nilijua namna ya kuwaendea. Hilo la namna ya kuwaendea ndo nataka tukae nalo maana wengi wanalikosa.

Kwanza mjue darasa lenyewe likoje. Unakaa na daktari, mfamasia, mtu wa maabara, mhasibu ambaye hajawahi kukanyaga wodi, na kijana katoka digrii ya kwanza moja kwa moja hajaajiriwa popote. Masomo nayo ni mchanganyiko huohuo, fedha, takwimu, sheria na maadili, rasilimali watu, ubora wa huduma, sera, mifumo ya taarifa. Hakuna anayeingia anajua yote, na hakuna anayeingia hajui chochote. Sisi manesi kwenye ubora na usalama wa mgonjwa tunatembea kifua mbele, ukiambiwa habari za Avedis Donabedian na muundo, mchakato, matokeo, yale aliyoandika mwaka 1966, unasema aah kumbe hii ndo ile ninayoiona kila siku, vifaa vipo na watu wapo lakini utaratibu mbovu kwa hiyo mgonjwa anaumia. Ila ikija fedha, jasho linatoka.

Mimi fedha nilifundishwa na yule mhasibu wa darasani kwetu, na tulibadilishana, yeye ananieleza gharama mimi namweleza wodi inavyokwenda. Siku aliyonifungua kichwa alichukua mfano wa kipimo kimoja cha maabara. Akasema chukulia mnakiuza 10, kemikali na kifaa cha kutupa ni 4, kwa hiyo kila kipimo kinabakiza 6. Mashine, mshahara wa mtu wa maabara na umeme kwa mwezi ni 6,000, na hizo unalipa hata asipokuja mgonjwa hata mmoja. Sasa niambie mpime wangapi ndo msile hasara? Nikagawa, 1,000. Akasema sawa, na daktari akiagiza kipimo ambacho hakihitajiki unadhani umeokoa hospitali? Kama mgonjwa analipiwa kifurushi kimoja kwa ugonjwa mzima, umeongeza 4 za gharama na hujaingiza kitu. Basi, kuanzia hapo karatasi za bajeti zikawa zinaongea na mimi. Kwa hiyo ushauri wangu kwa wenzangu wa kliniki, msikimbilie kukariri fomula, mtafute mtu wa hesabu mumpe mfano wa kitu mnachokishika kwa mikono kila siku.

Kuhusu muda. Mwanzoni mwa kila muhula nilikuwa nachukua kalenda ya masomo nampelekea sista anayepanga zamu kabla hajapanga, siyo baada. Nilimwomba usiku wa Ijumaa na wa sikukuu ambao wenzangu hawaupendi, mimi nikapata jioni za darasa. Yeye akafurahi maana zile zamu zilikuwa zinamsumbua kupata watu, na wenzangu wakafurahi, hakuna aliyeona napendelewa. Kusoma usiku kazini sikuruhusu nafsi yangu kabisa, mgonjwa ni mgonjwa. Nilisoma kwenye usafiri na asubuhi baada ya kulala kidogo. Na kwenye kazi za kikundi tulikubaliana kitu kimoja kizuri sana, hatugawani slaidi, kila mtu anafundisha wenzake kile anachokijua ndo tunaandika pamoja. Inachukua muda zaidi mwanzoni lakini siku ya prezentesheni mwalimu akimuuliza yeyote swali lolote anajibu.

Sasa tuje kwa alumni. Programu nyingi zina orodha ya waliohitimu, zina grupu la WhatsApp, zina siku ya kukutana, na wanafunzi wengi wanaenda pale na sivii mkononi, "naombeni koneksheni jamani". Waliohitimu wanachoka na hilo, niamini, saa hizi na mimi niko upande huo naliona. Dada mmoja aliyekuwa ametutangulia miaka kadhaa alikuwa anasimamia uendeshaji wa hospitali kubwa, nikamwandikia hivi: shikamoo dada, mimi ni nesi, niko mwaka wa pili kwenye programu yako, nataka kufanya mradi wa kumalizia kuhusu wagonjwa wanaochelewa kutoka wodini baada ya kuruhusiwa, nimetengeneza fomu ya kurekodi muda, naomba uiangalie dakika kumi uniambie nimesahau nini. Nikaambatanisha fomu. Akajibu siku hiyohiyo. Akaniambia mdogo wangu, fomu yako inaanza daktari anapoandika ruhusa na inaishia mgonjwa anapotoka, lakini anayesubiri kule mapokezi ya dharura hangoji mtu atoke, anangoja kitanda kiwe tayari, ongeza usafi na ongeza taarifa kumfikia mpanga vitanda. Halafu akasema usikae ofisini kusubiri data ya kompyuta, mfuate mgonjwa kwa miguu.

Hiyo sentensi ya mwisho ndo ilifanya mradi wangu ukawa mradi.

Nikaanza kuwafuata. Nikupe mmoja tu muone. Mama kalazwa kwa nimonia, amepona, raundi ya saa tatu asubuhi daktari anamwambia leo unakwenda nyumbani mama, mama anafurahi anafunga mizigo. Daktari anaendelea na raundi, ana wagonjwa wengine kibao, anakaa kuandika muhtasari wa ruhusa saa tano na dakika arobaini. Karatasi inakwenda famasi, dawa za nyumbani zinarudi saa saba. Bili inafungwa saa nane na nusu kwa sababu kuna kipimo kimoja hakijaingizwa kwenye mfumo na mtu wa maabara kaenda kula. Mama anatoka saa tisa. Kitanda kinasafishwa saa tisa na dakika arobaini na tano, mgonjwa mpya anapanda saa kumi. Hesabu mwenyewe, kuanzia saa tatu hadi saa kumi, na kazi halisi ya mikono ukiijumlisha haifiki hata saa moja na nusu, kwingine kote ni karatasi imelala mezani kwa mtu. Na kila niliyemuuliza alikuwa anafanya kazi yake vizuri kabisa! Hakuna mvivu pale. Kila mmoja alikuwa anamaliza foleni yake bila kuona foleni ya mwenzake.

Hapo ndo somo la uendeshaji likaniingia. Kuna kanuni John Little aliithibitisha mwaka 1961, inasema wastani wa watu waliomo kwenye mfumo ni sawa na kasi ya wanaoingia mara wastani wa muda wanaokaa. Inaonekana ndogo lakini ukiipeleka kwenye dharura, kama kwa saa moja wanapatikana wagonjwa 5 wa kulazwa na kila mmoja anasubiri kitanda saa 4, una watu 20 kwenye machela muda wote. Punguza kusubiri kuwe saa 2, wanabaki 10, na hujaongeza kitanda hata kimoja. Nilipomwonyesha mkuu wa idara hesabu hiyo kwenye karatasi moja alinyamaza kidogo akasema hebu rudia.

Na hesabu ya vitanda pia ilinisaidia. Wodi ya vitanda 30 kwa mwezi wa siku 30 ina siku-vitanda 900, wagonjwa wakikaa jumla ya siku 810 umejaza asilimia 90. Wakubwa wengi wanaona asilimia 90 ni sifa, vitanda havikai bure, ila kuna utafiti wa Uingereza wa mwaka 1999 uliotumia modeli ya kompyuta ukaonyesha wastani ukizidi kama asilimia 85 hatari ya kukosa kitanda inaanza kuonekana, na ukifika 90 na kuendelea hospitali inapata upungufu wa mara kwa mara. Sababu ni kwamba wagonjwa hawaji kwa wastani, wanakuja kwa mafungu. Nesi yeyote wa Jumatatu anajua hili bila modeli.

Tulichobadilisha kilikuwa kidogo. Jioni kabla ya raundi, nesi wa zamu na daktari wanataja nani huenda akaruhusiwa kesho, majina yanakwenda famasi na kwa watu wa bili usiku huohuo, dawa zinaandaliwa na vipimo vinahakikiwa mapema, halafu asubuhi raundi inaanzia kwa hao na muhtasari unaandikwa palepale kitandani. Tulijaribu wodi moja kwanza, tukapima, tukarekebisha, tukajaribu tena, ndo ule mzunguko wa kupanga, kufanya, kupima na kurekebisha tuliofundishwa darasani. Upinzani ulikuwepo. Daktari mmoja aliona tunamwongezea kazi, na mimi sikubishana naye, nilimwomba tu anisindikize kumfuata mgonjwa wake mmoja aliyeruhusiwa. Alipofika kaunta ya malipo akakuta mgonjwa wake bado kakaa kwenye benchi na mfuko wake, akaniuliza huyu si nilimruhusu asubuhi? Kesho yake alianza kuandika kitandani. Kwa kweli hakuna slaidi ingefanya kazi hiyo.

Wale wapya msidharau hiki kipengele cha mazoezi hospitalini. Programu ya kwanza ya masta ya aina hii ilianzishwa University of Chicago mwaka 1934 chini ya Michael Davis, na baadaye kwa miaka mingi mtindo wa Marekani ukawa takribani mwaka darasani na mwaka hospitalini chini ya mkurugenzi anayekufundisha kazi. Siku hizi sehemu nyingi rezidensi, yaani huo mwaka wa hospitalini, imefupishwa au imegeuka feloshipu, mafunzo ya kazini baada ya kuhitimu, lakini mantiki ni ileile. Ukipata nafasi chagua msimamizi mwenye muda na wewe, hata kama hospitali yake ni ndogo. Mimi nilimchagua aliyekubali niingie kwenye vikao vya bajeti, nikae pembeni, halafu tukitoka ananiuliza umeona nani hakusema kitu na kwa nini. Nilijifunza mengi kwenye hayo maswali ya korido kuliko kwenye kitabu chochote.

Kazi niliipata vipi? Yule dada hakunipa kazi, wala sikumwomba. Alinipa intavyuu za mazoezi, kali kweli. Ananiuliza elezea mradi wako kwa dakika mbili kwa mtu wa fedha. Haya, sasa elezea kwa daktari. Haya, kwa mwenyekiti wa bodi ambaye hajui dischaji ni nini. Mara ya kwanza nilikuwa naanza na historia ya tatizo, ananikatiza, anza na mgonjwa, halafu namba, halafu ulichobadilisha. Nilipoitwa intavyuu ya kweli ya uratibu wa mtiririko wa wagonjwa niliulizwa karibu hivyohivyo. Na ndiyo, mwanzoni cheo kilikuwa kidogo kuliko watu wanavyofikiria masta italeta, nilikuwa mratibu tu, na nikaukosa uuguzi wenyewe, ule wa kushika mkono wa mtu usiku. Bado naukosa. Ila nikipita dharura nikiona machela zimepungua najua ni watu wangapi wamelala kitandani badala ya koridoni, na hilo linanitosha kuamka asubuhi.

Saa hizi niko upande wa alumni na tumejipanga vizuri kuliko enzi zetu. Tumekubaliana kila mhitimu achukue mwanafunzi mmoja tu kwa mwaka, maana ukichukua wanne huwasaidii, unawapongeza tu. Mwanafunzi anakuja na kitu alichokwisha kukifanya, hata kama ni nusu ukurasa, na mhitimu anakisoma kweli, anaandika pembeni. Tunawachanganya makusudi pia, nesi anapewa mhitimu wa fedha, mhasibu anapewa mhitimu aliyetoka wodini. Mwaka huu nimepewa kijana mhasibu, mwerevu, anataka kupima kwa nini madai ya bima yanarudishwa. Kaniletea jedwali la Excel limenyooka, sababu zimepangwa kwa asilimia, kazi nzuri. Nimempigia nikamwambia mdogo wangu jedwali nimelipenda, sasa chagua dai moja lililorudishwa, anzia kwa nesi aliyejaza fomu, na utembee nalo mpaka mwisho. Ameniuliza avae viatu gani, nikamwambia vya raba. Anaanza Jumatatu.