Kitanda cha kichanga, ubavuni mwangu
Jamani, kumbe kuchagua kitanda cha kichanga cha kuweka ubavuni ni kazi! Vile vyenye mito na mapambo vinavutia macho, nikavipita. Godoro nililibonyeza kwa kiganja: likibaki na shimo, halifai. Linatakiwa liwe gumu, bapa, lijae kwenye fremu bila mwanya pembeni. Halafu ile mikanda ya kukifunga kwenye kitanda chetu, niliivuta kwa nguvu zote hadi mume wangu akacheka. Acheke tu! Mwanya wa katikati ndio unaonitisha, mtoto anaweza kunasa hapo. Ndani ni shuka moja linalobana godoro, basi, na mtoto analala chali. Akianza kujiinua kwa mikono na magoti, tunamhamishia kitanda chenye kuta ndefu.