Majibu ya dada yametoka

Tumetoka hospitali sasa hivi, mikono bado inatetemeka.

Dada alipigwa eksirei kwa sababu ya kikohozi tu, likaonekana doa la mviringo kifuani, nyuma kabisa, pembeni ya uti wa mgongo. Usingizi ukatukimbia nyumba nzima.

Leo daktari ametufungulia picha za MRI. Akapitisha kalamu taratibu kuuzunguka uvimbe: ukingo laini, haujaingia kwenye mfereji wa uti wa mgongo. Na kinyama kilichotolewa kwa sindano kimethibitisha: ni shwanoma, uvimbe wa ala ya neva, yaani utando unaofunika mshipa wa fahamu. SI SARATANI.

Dada akauliza, "Kwa hiyo mwanangu naendelea kumnyonyesha?"

Hapo nikalia. Alhamdulillah!

Atafanyiwa upasuaji wa matundu madogo. Kuna aliyeupitia humu? Maumivu yalikuwaje? Niambieni jamani.