Kesho Kutwa

Neno la wiki: "na kufungiwa miguu utayari tupatao kwa Injili ya amani" (Waefeso 6:15).

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Aliyewahi kuvaa skafu ya skauti analijua neno "tayari". Kiongozi anaita, kikosi kinaitika, kisha mnarudi kufunga na kufungua kamba mpaka jua linazama. Nimeitika hivyo miaka mitatu bila kujiuliza hata siku moja: tayari kwa lipi? Wiki hii nimelikuta neno lile lile kwa Paulo. Anataja dirii, ngao, chapeo na upanga, vitu vya askari vitupu. Akifika miguuni anaivalisha utayari wa amani.

Mstari huo umenirudisha kwa vijana waliokulia kwenye uskauti miaka ya vita kuu ya pili. Kiangazi cha 1937 maelfu yao walipiga hema Vogelenzang, Uholanzi, kwenye jamboree ya dunia, mkutano mkuu wa maskauti wa mataifa yote. Baden-Powell mwenyewe, mwanzilishi wao, alikuwa na miaka 80, akawaaga pale. Chukua kijana wa miaka 14 aliyebadilishana beji na mgeni wa hema la pili. Alikuwa bado hajaota ndevu vizuri Ujerumani ilipoivamia Uholanzi, Mei 1940. Mwaka uliofuata uskauti ukapigwa marufuku huko.

Uingereza wenzao walikusanya karatasi chakavu na kupeleka ujumbe mabomu yakianguka. Lakini habari iliyonishika ni ya Poland. Maskauti wa huko waliingia mafichoni mwishoni mwa Septemba 1939, wakajiita Safu za Kijivu, na mpango wao wakaugawa mara tatu: leo, kesho, kesho kutwa. Leo ni kazi ya siri chini ya mvamizi, Mjerumani. Kesho ni siku ya kuinuka. Kesho kutwa ni nchi huru itakayotaka watu wa kuijenga. Wadogo kabisa, wa miaka 12 hadi 14, walikuwa hasa watoto wa kesho kutwa. Hawakupewa kazi ya bunduki. Walifunzwa huduma ya kwanza na njia za mji, wakahimizwa kusoma kwa siri, maana mvamizi alikuwa amewafungia Wapolandi shule za sekondari na vyuo vikuu. Mji unawindwa, na mtoto ameinamia daftari la hesabu.

Kesho ilifika Warsaw, mji mkuu wa Poland, tarehe 1 Agosti 1944, mji ulipoinuka kupigana na Wajerumani. Haikupita wiki, maskauti wakaanzisha posta, na wengi wa watarishi wake walikuwa watoto hao. Barua isizidi maneno 25, isitaje mambo ya kijeshi, na ada hakuna. Waliipitisha kwenye vifusi, kwenye matundu yaliyotobolewa kuta za vyumba vya chini, na pengine kwenye mifereji ya maji machafu. Mapigano yalikuwa yameukata mji vipande, mama mtaa huu, mwanawe mtaa ule.

Jana usiku nilijaribu kuandika barua ya maneno 25 kwa mtu nisiyejua kama yu hai. Sisi tuliolelewa na salamu ndefu tuna kazi! Ukishaandika "hofu na mashaka ni juu yako" umekula sita. Nilifuta, nikafuta, nikabaki na "nipo" na jina langu.

Niseme wazi kwamba siwasifu watu wazima waliofikisha mambo mahali ambapo mtoto anabeba barua chini ya risasi. Baadhi ya watoto hao hawakurudi. Tunapenda mno kusimulia ushujaa wa watoto, na hatuulizi nani aliwaacha waufikie.

Mapigano yalidumu siku 63, yakashindwa, mji ukabomolewa. Kesho kutwa nayo haikuja walivyoichora. Serikali mpya ya kikomunisti iliubana uskauti wao, na kufikia 1950 ulikuwa umemezwa na jumuiya ya vijana ya chama. Kwingine hema zilisimama tena: Agosti 1947, Moisson, Ufaransa, jamboree iliyopewa jina la Amani. Kijana wetu wa Vogelenzang, kama alipona, sasa ana miaka 24. Kujificha anakujua. Kushtuka kila mlango ukigongwa anakujua. Sasa aombwe kulala hema moja na mgeni, tena usingizi.

Hapo ndipo namwelewa Paulo. Kanisani tuko hodari wa vita. Tunafunga, tunakesha, tunakemea mpaka sauti zinakauka, na jaribu likipita hatujui namna ya kumpigia simu ndugu tuliyegombana naye wakati wa jaribu lile lile. Dirii tunayo. Miguuni tuko pekupeku.

Yohana anasimulia jioni ya siku ya kufufuka. Wanafunzi wamejifungia kwa hofu, na wote walikuwa wamemkimbia usiku wa kukamatwa kwake. Yesu angeweza kuanza na hilo. Alikuwa na mengi ya kusema kuliko mtu yeyote aliyewahi kutoka vitani, na nafasi ya kuyasema ilikuwa tele. Alisimama katikati yao akatumia maneno matatu, "Amani iwe kwenu", kisha akawaonyesha mikono yake na ubavu wake.