Nilivyojipimia mwendo wa kukimbia kwa ajili ya triathloni hapa Tanga

Ratiba niliyoanza nayo triathloni, yaani mashindano ya kuogelea, baiskeli na kukimbia mfululizo, ilikuwa na maneno kama haya: Jumanne kilomita 6 mwendo mwepesi, Alhamisi mwendo wa kujibana. Mwepesi ni dakika ngapi kwa kilomita? Haikusema, na isingeweza kusema, kwa sababu aliyeiandika hajui umri wangu, hajui nakimbilia wapi, wala hajui kama asubuhi yake nilikuwa baharini. Kuogelea nimekulia nako Raskazone, na baiskeli Tanga ni usafiri wa kila nyumba. Mbio ndizo zilizotaka hesabu. Lengo langu ni masafa mafupi ya triathloni: kuogelea mita 750, baiskeli kilomita 20, kisha kukimbia kilomita 5.

Nilianza na jaribio moja la kilomita 5, nikiwa nimepumzika siku iliyotangulia. Nilichagua barabara ya kwenda Raskazone, ile inayopita hospitali ya Bombo, baada ya swala ya alfajiri. Njia ni tambarare, magari bado machache, na jua halijapanda. Nikapasha mwili moto kwa mwendo wa taratibu, nikapiga vipande vichache vya kasi vya kuamsha miguu, kisha nikakimbia kwa nguvu zangu zote, ila kwa kuzigawa vizuri ili kilomita ya mwisho isiwe ya kujikokota. Nikapata dakika 28 na sekunde 20, sawa na 5:40 kwa kilomita.

Namba hiyo ndiyo mama wa namba zote. Mhandisi wa Marekani, Peter Riegel, alitoa mwaka 1977 kanuni ya kukadiria muda wa masafa marefu kutokana na masafa mafupi: umbali ukiongezeka mara mbili, muda unazidishwa kwa kama 2.085. Kwa hiyo kilomita 10 zangu zingekuwa karibu dakika 59. Kutoka hapo nikapanga mwendo wa mazoezi. Kujibana, yaani kasi ambayo mtu akijikaza anaweza kuishika karibu saa nzima, ni polepole kuliko ya jaribio kwa sekunde 15 hadi 20 kila kilomita. Kwangu nikaweka 6:00. Vipande vya mita 400 navipiga kwa kasi ileile ya jaribio, 2:16 kila kimoja, napumzika kidogo, narudia. Na mwendo mwepesi ni kati ya 7:00 na 7:40.

Huo mwepesi ndio watu wengi wanaudharau, na mimi nautetea kwa nguvu zangu zote. Mtu wa triathloni hachoki kwa mbio peke yake. Wiki hiyohiyo anaogelea na anaendesha baiskeli, na moyo ni mmoja. Mwendo mwepesi unaujenga moyo na mishipa midogo ya damu kwenye misuli, huku ukikuachia nguvu ya siku ya kujibana. Ukiupandisha hadi 6:30 kwa sababu unajisikia vizuri, Alhamisi utaikuta miguu haina kitu.

Kipimo changu cha mwepesi si saa. Ni babu mmoja jirani yetu wa Ngamiani, fundi cherehani, ambaye jioni hurudi nyumbani kwa baiskeli wakati mimi nakimbia. Tukikutana, hunisindikiza.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu, hujambo?"

"Sijambo."

"Mama anaendeleaje na mguu?"

"Anaendelea vizuri, juzi alikwenda kliniki wakambadilishia dawa, anakusalimu sana."

Jibu hilo la mwisho likitoka lote kwa pumzi moja, niko sawa. Likikatika katikati, hata kama saa inaonyesha 7:20, nimeshatoka kwenye mwepesi. Babu mwenyewe ameshajua. Siku moja ya joto kali aliniambia, "Leo maneno yako yanakatika, punguza," nami nikapunguza palepale.

Joto ndilo linalofanya namba za ratiba za nchi za baridi zisifae hapa kama zilivyo. Wakati wa kaskazi hewa ya Tanga imejaa unyevu, na jasho linatiririka bila kukauka. Jasho lisipokauka halipozi mwili. Moyo unalazimika kupeleka damu nyingi kwenye ngozi, na misuli nayo inadai ya kwake, hivyo mapigo yanapanda ingawa kasi ni ileile. Kwa hiyo miezi hiyo naongeza sekunde 15 hadi 30 kwa kila kilomita, hasa jioni, na mazoezi magumu nayahamishia alfajiri. Sioni kama nimeshuka kiwango. Kazi ya mwili ni ileile, namba kwenye saa ndiyo imebadilika.

Kuhusu mapigo ya moyo, kuwa mwangalifu na ile hesabu ya 220 kutoa umri, inayokadiria mapigo ya juu kabisa ya mtu kwa dakika. Ni wastani wa watu wengi, na mtu mmoja mmoja anaweza kuwa juu au chini yake kwa mapigo 10 au zaidi. Mimi nina miaka 36, hesabu inanipa 184, lakini mwishoni mwa jaribio saa ilisoma 191. Ningepanga mazoezi kwa 184, kila kitu kingekaa chini ya uwezo wangu.

Likabaki suala la baiskeli, ambalo mkimbiaji wa kawaida halimhusu. Kilomita 5 za triathloni hazianzi na miguu mibichi. Nikapanga siku ya kuunganisha: kilomita 20 za baiskeli kuelekea Amboni na kurudi, naiegesha, nafunga raba, natoka. Kilomita ya kwanza mapaja ni mazito na hisia za kasi zinadanganya. Baada ya kukanyaga pedali kwa haraka, mtu anadhani anatembea kumbe anakimbia kwa kasi kuliko alivyopanga. Ndiyo maana hapo saa naiamini kuliko hisia, kinyume kabisa na siku za mwepesi. Nimejiwekea kilomita ya kwanza 6:10, tatu zinazofuata 6:00, ya mwisho kwa chochote kilichobaki.

Tumezaliwa kwenye nchi ya Filbert Bayi, aliyeongoza mita 1500 tangu mwanzo kule Christchurch, New Zealand, mwaka 1974 akaweka rekodi ya dunia ya 3:32.2. Tunampenda kwa ushujaa huo. Lakini kwa mbio zinazofuata baiskeli mimi namtazama Alphonce Simbu, aliyechukua dhahabu ya marathoni ya dunia mjini Tokyo mwaka 2025 kwa 2:09:48. Alisubiri, akamaliza sekunde 0.03 mbele ya Mjerumani Amanal Petros.

Mwezi uliopita nilifanya zoezi zima. Niliingia baharini Raskazone maji yakiwa yamejaa, maana yakipwa unatembea sana kabla ya kupata kina, nikapanda baiskeli, nikamalizia na kukimbia. Kilomita 5 zilitoka kwa 29:40, ya mwisho ikiwa 5:38. Kwa hiyo mpango wa 6:00 katikati ni wa polepole kidogo kuliko uwezo wangu, na masika yakiisha nitarudia jaribio la alfajiri njia ileile ya Bombo nipange namba upya. Mwepesi hautaguswa hadi babu aseme.