Homa baada ya betri ya moyo

Mama yangu alipowekewa betri ya moyo, yaani kifaa kidogo kinachosaidia moyo kupiga sawasawa, bila kufunguliwa kifua, kilichotushangaza sote nyumbani ni udogo wa kidonda: mkato usiozidi urefu wa kidole cha shahada, chini kidogo ya mtulinga wa kushoto. Siku chache baadaye alikuwa barazani anachambua mchicha. Mwezi wa nne ndipo homa za jioni zilipoanza, na ngozi iliyofunika kifaa ikawa nyekundu, inang'aa, ya moto ukiigusa.

Katika zahanati ya jirani alipimwa malaria, haikuonekana, akapewa antibayotiki za siku tano. Homa ikatulia, tukamshukuru Mungu. Wiki mbili baadaye ikarudi pamoja na jasho la usiku. Nayasema haya kwa uchungu, kwa sababu mtu mwenye kifaa moyoni akishikwa na homa isiyojulikana chanzo chake, anapaswa kutolewa damu ya kuoteshwa maabara, zaidi ya mara moja na kutoka mishipa tofauti, kabla hajameza antibayotiki yoyote. Dawa ikitangulia, bakteria wanaweza kukosa kuota katika chupa ya maabara ilhali mwilini wangali hai.

Maambukizi haya ni adimu. Betri inapowekwa kwa mara ya kwanza, huwapata takriban mtu 1 katika kila 100, au pungufu. Yakitokea, hata hivyo, ni mazito. Bakteria, mara nyingi stafilokokasi waliotoka kwenye ngozi ya mgonjwa mwenyewe, hujishikiza kwenye kifaa na kujifunika utando ambao dawa haziupenyi vizuri, na kwa kuwa waya hupita ndani ya mshipa hadi moyoni, ugonjwa ulioanzia chini ya ngozi unaweza kufika kwenye vali, yaani milango ya moyo. Homa iliporudi tulimpeleka Mama kwa daktari wa moyo, naye alikataa hata kuufyonza kwa sindano uvimbe uliokuwa juu ya kifaa, kwani sindano yenyewe ingeweza kuingiza bakteria wapya. Nilimwuliza kama dawa kali zaidi zisingetosha. Alinijibu kwa upole kwamba kifaa chote lazima kitoke, betri pamoja na waya zake.

Betri mpya iliwekwa upande wa kulia, baada ya damu kuoteshwa tena na kuonekana safi. Kadi ya kifaa Mama huitunza pochini, pamoja na karatasi niliyomwandikia muuguzi yeyote atakayempokea: "Tafadhali, akiwa na homa, chukueni damu ya kuotesha kabla ya antibayotiki."